Shahada ya chuoni au ya masafa: Mambo ya kupima kabla ya kulipa ada

KATIKA Kata ya Mabibo, Manispaa ya Ubungo jijini Dar es Salaam, kila alfajiri huwa na misafara miwili. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM) wanaoishi katika hosteli za Mabibo hutoka kuelekea Mlimani kuwahi vipindi. Majirani zao, wakiwamo makarani, walimu na wafanyabiashara wa soko la Mahakama ya Ndizi, huelekea kazini.

Katika msafara huo wa pili pia wamo wanaosomea shahada. Tofauti ni kwamba darasa lao ni simu, kompyuta na kitabu kinachofunguliwa usiku, baada ya kazi na shughuli za nyumbani.

Mhitimu wa kidato cha sita, na hata mtumishi anayetaka kujiendeleza, hujikuta akiulizwa aingie katika msafara upi. Swali hilo si dogo, kwa kuwa familia nyingi zina fedha za kujaribu mara moja tu.

Elimu ya masafa si jambo geni duniani wala hapa nchini. Chuo Kikuu cha London kilianza kuwatahini watahiniwa wasiosoma katika vyuo vyake mwaka 1858, na Chuo Kikuu Huria cha Uingereza kilipata hati yake mwaka 1969.

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania (OUT) kilianzishwa kwa Sheria ya Bunge Namba 17 ya mwaka 1992, na kuanza kazi mwaka 1993 chini ya Makamu Mkuu wake wa kwanza, Profesa Geoffrey Mmari. Wanafunzi wake wa kwanza walidahiliwa mwaka 1994, enzi ambazo masomo yalitegemea vitabu vilivyochapishwa. Leo masomo hayo hupatikana pia kwa mtandao. Makao yake yako Kinondoni, na kina vituo mikoani. Kwa Dar es Salaam vipo vya Kinondoni, Ilala na Temeke.

Majirani nao wamepita njia hiyo. Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, kilianzisha shahada za nje ya chuo mwaka 1991, na Kenya ilitoa hati ya kuanzisha Chuo Kikuu Huria chake mwaka 2023.

Uzito wa cheti

Hofu ya kwanza ya wazazi wengi ni kwamba shahada ya masafa ni “ya daraja la pili”. Kwa mujibu wa sheria, hofu hiyo haina msingi. OUT ni chuo cha umma kama UDSM, na vyote viwili viko chini ya Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU).

Hata sifa za kujiunga hazikuachwa holela. Kwa waliomaliza kidato cha sita kuanzia mwaka 2016, programu nyingi hudai alama mbili kuu zenye jumla ya pointi 4.0, ambapo A ni pointi 5 na E ni pointi 1. Asiyefikisha sifa hizo anaweza kupitia stashahada au kozi ya msingi ya OUT.

Hadhari inahitajika zaidi kwa vyuo vya nje vinavyotangaza shahada za mtandaoni. Anayetaka kujiunga navyo anapaswa kuuliza TCU kwanza, kwa kuwa ndiyo yenye mamlaka ya kutambua tuzo za nje. Kugundua kwamba cheti hakitambuliki wakati wa kuomba ajira ni kuchelewa mno.

Gharama isiyoandikwa

Watu wengi hulinganisha ada peke yake. Ulinganisho huo haujakamilika, kwani gharama kubwa ya kusoma chuoni kwa mtu mwenye kazi ni mshahara anaouacha.

Kwa mfano, anayelipwa Sh600,000 kwa mwezi akiacha kazi kwa miaka mitatu atakosa Sh21.6 milioni, kabla ya kuhesabu ada, chakula na malazi. Aliyepewa na mwajiri wake ruhusa ya masomo yenye mshahara ana hesabu tofauti kabisa.

Kwa kijana aliyetoka shuleni hali hugeuka. Hana mshahara wa kupoteza, na anaweza kuomba mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB), ambao sehemu yake ni ile fedha ya chakula na malazi inayojulikana vyuoni kama “bumu”. Anayefikiria masafa asidhani kwamba atapata mkopo ule ule. Ausome mwongozo wa bodi wa mwaka husika.

Aidha, mkopo si zawadi. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2016, mnufaika aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi hadi deni liishe.

Malazi nayo yana historia yake. Uhaba wa vyumba ndio uliozaa desturi ya “kubebana”, yaani mwanafunzi mwenye kitanda kumhifadhi mwenzake asiye nacho. Hosteli mpya zilizofunguliwa UDSM mwaka 2017, zenye nafasi 3,840, zilipunguza tatizo hilo, lakini anayetoka mkoani bado hana budi kupanga bajeti ya chumba mtaani.

Fani na vitendo

Si kila fani inabebeka kwenye kompyuta. Udaktari huchukua miaka mitano na hufuatiwa na mwaka wa mafunzo kazini, na mwanafunzi wake lazima awe wodini. Uhandisi, wa miaka minne, unadai maabara na karakana.

Sheria, ualimu, biashara na sayansi za jamii husomeka vizuri kwa masafa. Hata huko, mwalimu mtarajiwa hana budi kwenda shuleni kwa mazoezi ya kufundisha, na mhitimu wa sheria anayetaka uwakili bado atapita katika Shule ya Sheria kwa Vitendo. Mitihani pia humtaka msomaji wa masafa afike kituoni.

Mtandao wenyewe hautabiriki. Mei 2024, kukatika kwa nyaya za baharini kulidhoofisha intaneti nchini na katika nchi jirani. Msomaji wa masafa mwenye busara hupakua masomo yake mapema na kupanga bajeti ya vifurushi kama anavyopanga ya nauli.

Nani anashika muda?

Yote hayo yakishapimwa, hubaki jambo moja linaloamua zaidi, nalo ni nani anayeshika muda wa mwanafunzi.

Chuoni, muda hushikwa na ratiba. Kuna kengele, mhadhiri, jaribio la wiki ijayo, na wenzake wanaomngoja kwenye “vimbweta” vya Mlimani kwa majadiliano. Mwanafunzi anayelegea hugundulika mapema.

Katika masafa, muda hushikwa na msomaji mwenyewe. Hakuna anayemwamsha. Mwajiri anaweza kumwongezea zamu, mtoto anaweza kuugua, na muhula mmoja ulioahirishwa huvuta mwingine. Wahenga walionya kwamba mshika mbili moja humponyoka, na mara nyingi linaloponyoka ni somo, si mshahara.

Hivyo, kijana wa miaka 20 asiye na ajira, mwenye sifa na uwezekano wa kupata mkopo, ana sababu nzuri za kwenda chuoni. Mzazi wa miaka 35 mwenye kazi na wategemezi ana sababu nzuri za kuchagua masafa, mradi familia yake ikubali kumwachia saa za kusoma.

Kwa asiye na uhakika, lipo jaribio lisilo na gharama. Achukue kitabu cha fani anayoitaka, asome saa mbili kila usiku kwa mwezi mmoja, na aandike kila siku aliyoikosa pamoja na sababu yake. Orodha hiyo itamweleza ukweli kuhusu nafsi yake na nyumba yake kuliko tangazo lolote la chuo, tena kabla hajalipa shilingi moja ya ada.