Mgonjwa Aende au Afuatwe? Safari ya Mafuta na Sala kwa Wagonjwa

Barua ya Yakobo katika Agano Jipya, sura ya 5, inatoa agizo fupi: mgonjwa awaite wazee wa kanisa, nao wamwombee na kumpaka mafuta kwa jina la Bwana. Wasomaji wengi huyatazama mafuta. Wachache humtazama anayetembea. Katika agizo hilo wazee ndio wanaofunga safari. Mgonjwa yuko kitandani kwake. Ukiisoma historia ya mpako kwa kuuliza nani alimwendea nani, utaona Wakristo wakilishika agizo hilo, wakiliacha na kulirudia.

Mafuta yenyewe hayakuwa kitu cha ajabu. Katika nchi za pwani ya Mediterania, mafuta ya zeituni yalikuwa kitoweo, mwanga wa taa na dawa ya vidonda. Ndiyo maana Msamaria wa Injili ya Luka anamtia majeruhi mafuta na divai, na Marko anasimulia kuwa mitume waliwapaka wagonjwa wengi mafuta wakapona. Kanisa la mwanzo liliichukua dawa ya nyumbani likaiombea. Huko Misri, katika karne ya 4, mkusanyo wa sala unaohusishwa na Askofu Serapion wa Thmuis una maombi ya kubariki mafuta, maji na mkate kwa ajili ya wagonjwa.

Mwaka 416 Papa Inosenti I alimjibu kwa barua Decentius, askofu wa Gubbio, Italia: mafuta yabarikiwe na askofu, lakini Wakristo wote wanaweza kuyatumia kwa shida zao na za watu wao. Mzazi, basi, aliweza kumpaka mwanawe. Karne iliyofuata, Askofu Caesarius wa Arles, katika Ufaransa ya leo, aliwakemea waumini waliokimbilia waganga na hirizi kila walipouguliwa, akawahimiza wayafuate mafuta ya kanisani. Mahubiri hayo yangesomwa leo Sumbawanga au Kisumu, hakuna ambaye angedhani yametoka mbali.

Mambo yaligeuka kuanzia karne ya 9, wakati wa mageuzi ya kanisa katika dola ya wafalme wa Kifranki. Kupaka mafuta kukawa kazi ya padri peke yake, na ibada ikafungamanishwa na toba ya mwisho. Toba ya siku zile ilikuwa nzito, hivyo watu wakaahirisha mpaka pumzi ya mwisho. Katika karne ya 12 mwanateolojia Petro Lombardo aliuhesabu mpako huu miongoni mwa sakramenti saba, akauita wa mwisho. Mtaguso wa Firenze, mwaka 1439, ukaamua kwamba apewe tu mgonjwa anayehofiwa kufa, apakwe machoni, masikioni, puani, mdomoni, mikononi, miguuni na viunoni. Padri bado alikwenda kwa mgonjwa, ila kuonekana kwake mlangoni kulitangaza msiba. Huko Uingereza sinodi za karne ya 13 zililazimika kukanusha uvumi kwamba aliyepakwa akapona hatakiwi tena kula nyama wala kulala na mwenzi wake.

Makanisa ya Mashariki hayakufika huko. Kwa Waorthodoksi ibada kamili huongozwa na mapadri saba, kwa masomo saba na mipako saba, na katika makanisa mengi waumini hupakwa Jumatano ya Juma Kuu hata wakiwa wazima.

Warekebishaji wa karne ya 16 waliyashambulia mafuta. Mwaka 1520 Martin Luther aliandika kwamba mpako si sakramenti, na John Calvin akaona karama ya uponyaji ilikoma pamoja na mitume. Mtaguso wa Trento ukajibu mwaka 1551 kwa kuutetea. Kanisa la Uingereza liliyumba katikati: Kitabu cha Sala cha 1549 kiliruhusu mgonjwa apakwe akiomba, toleo la 1552 likayaondoa mafuta, ila likabakiza wajibu wa mchungaji kwenda kusali nyumbani kwa mgonjwa. Chupa ilipotea, safari ikabaki.

Karne ya 19 ikaigeuza safari. Huko Männedorf, Uswisi, Dorothea Trudel, mwanamke asiye na cheo cha kanisa, aliwaombea wagonjwa na kuwapaka mafuta kwa kumfuata Yakobo. Walipozidi, akafungua nyumba za kuwapokea. Johann Christoph Blumhardt naye aliwapokea wagonjwa Bad Boll, Ujerumani, kuanzia 1852. Baada ya uamsho wa mtaa wa Azusa, Los Angeles, mwaka 1906, Wapentekoste waliieneza imani hiyo duniani, na sasa umati ndio uliomwendea mwombezi.

Afrika Mashariki imezijua njia zote mbili. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Edmund John, mlei Mwanglikana na ndugu wa Askofu Mkuu John Sepeku, aliendesha huduma ya maombezi Dar es Salaam hadi kifo chake mwaka 1975. Mwaka 2011 maelfu walifunga safari hadi Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapila, kwa shilingi 500; wapo waliofia kwenye foleni. Tarehe 1 Februari 2020, uwanjani Moshi, watu 20 walikufa katika msongamano wa kukimbilia kukanyaga mafuta yaliyoombewa.

Kanisa Katoliki nalo lilikuwa limekwisha kujisahihisha. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1963, ulisema jina linalofaa zaidi ni Mpako wa Wagonjwa, wala si wa wanaokata roho tu. Mwaka 1972 Papa Paulo VI alipunguza mipako ikabaki paji la uso na mikono, akaruhusu mafuta ya mimea mingine pale zeituni isipopatikana. Sheria bado inamtaka padri ndiye apake, na mapadri ni wachache. Lakini tangu 1976, maaskofu wa ukanda huu walipozipa kipaumbele jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, majirani ndio wanaotangulia: wanaingia na sukari na sabuni, wanasali, kisha wanamwita padri.

Mtu anaweza kuamini mafuta yanaponya au asiamini. Hata hivyo Yakobo alipanga jambo ambalo viwanja vinalivuruga: katika mbio za uwanjani hushinda mwenye miguu mizima, na aliye hoi kuliko wote hafiki hata getini. Kwa huyo, kanisa lisilobisha hodi halina mafuta.