Kutoka Kipande hadi Tija: Hesabu Iliyofichwa Ndani ya Maneno ya Ajira

Maneno ya kazi hayazaliwi katika vikao vya istilahi peke yake. Mengi huzaliwa mashambani, bandarini na katika daftari za malipo. Ndiyo maana sisi tunaoshughulika na istilahi tunaona yafaa kuchunguza historia ya maneno matatu, yaani kipande, manamba na tija, kabla ya kuyaweka katika orodha moja. Nyuma ya maneno hayo limo swali la zamani: je, mwajiri atumie fedha zake kumtafuta mfanyakazi mpya, au azitumie kumfanya aliyepo abaki na azalishe zaidi?

Mkonge uliletwa katika Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1893 na Dkt. Richard Hindorf. Katika miche 1,000 iliyotumwa kutoka Florida, ilinusurika 62 tu. Lakini kutokana na hiyo yalienea mashamba makubwa ya Tanga, Morogoro na Lindi. Kazi ya kukata mkonge ilikuwa nzito, na wakulima wa jirani waliokuwa na mashamba yao hawakuvutiwa na ujira wake. Basi watu wakatafutwa mbali: Kigoma, Songea, Rwanda-Urundi na Msumbiji.

Mashambani humo kipande kilikuwa kadi ya siku 30. Aliyemaliza kazi aliyopimiwa alitiwa alama ya siku moja, asiyemaliza hakutiwa. Malipo yalifuata kadi ilipojaa, hata kama siku hizo 30 zilichukua majuma mengi. Nchini Kenya neno hilohilo lilipata maana chungu zaidi, kwani kwa sheria ya mwaka 1915 lilikuja kuwa jina la hati ya utambulisho ambayo mwanamume Mwafrika alilazimishwa kuichukua, mara nyingi ikining'inia shingoni ndani ya kikasha cha bati.

Manamba ni neno lililotokana na namba aliyopewa kila mfanyakazi wa mkataba. Mwaka 1944 chama cha wakulima wa mkonge kiliunda ofisi ya kuandikisha wafanyakazi, iliyojulikana kwa kifupi kama SILABU. Gharama zake hazikuwa ndogo: mawakala, malori na treni, kambi za njiani, chakula, na nauli ya kumrudisha mtu kwao mkataba ulipokwisha. Mgeni alihitaji muda kujifunza kukata majani na kuyafunga matita. Na alipokwisha kuwa hodari, mara nyingi muda wake ulikuwa umekaribia kwisha. Mshahara ulionekana mdogo kwenye karatasi, lakini kila mkataba mpya uliirudisha gharama ileile.

Hesabu hiyo ilibadilika. Katika miaka ya 1950 waliojileta wenyewe, na waliohamia mashambani pamoja na jamaa zao, waliongezeka. Kima cha chini cha mshahara kilipoanza kutumika mwaka 1963, mashamba yalipunguza idadi ya wafanyakazi na kudai kazi zaidi kwa kila aliyebaki. Kisha bei ya mkonge ikaanguka. Wengi walipoteza kazi. Kwa hiyo tusidhani kwamba kuachana na manamba kulikuwa neema tupu. Tija iliyopanda shambani ilimwacha mwingine bila ujira.

Hapa ndipo istilahi inapotudai uangalifu. Tija si uzalishaji. Uzalishaji ni jumla ya kilichopatikana; tija ni kilichopatikana kikilinganishwa na watu, saa au fedha zilizotumika. Shamba laweza kuongeza uzalishaji kwa kuandikisha manamba wengi, huku tija ikishuka. Vivyo hivyo, gharama za kuajiri si mshahara: ni matangazo, usaili, nauli, mafunzo, na muda ambao mgeni bado hajaizoea kazi. Mfasiri anayeyaita yote hayo «gharama za wafanyakazi» humfanya msomaji aamini kwamba mshahara ndio mzigo pekee, na afisa anayeisoma taarifa hiyo aweza kupunguza mshahara pale ambapo dawa ilikuwa kuwazuia watu wasiondoke.

Twapendekeza basi walimu na wafasiri wayatenge maneno haya matatu: mshahara, gharama za kuajiri na tija. Yakichanganywa, hesabu hupotea. Na hesabu ikipotea, anayelipa ni yule ambaye zamani jina lake lilikuwa namba.