Kasarani Iwake: Vile Shabiki wa Harambee Stars Anafaa Kujipanga Kabla ya Mechi ya Nyumbani

Hii Nairobi inajua rangi. Simama tu tao jioni uangalie nganya zikipita: michoro kila upande, taa za kila aina, mangoma inatetemesha vioo, na kondakta ananing'inia mlangoni na luku safi kuliko ya abiria wote. Sasa chukua wasee wa hiyo nganya uwapeleke Kasarani kuona Harambee Stars. Nusu yao watafika na hudi ya kijivu, wakae, watoe simu, warekodi. Dakika 90 zinaisha wakiwa na video nane na sauti bado iko sawa kabisa. Manze, hata kwa sinema watu hupiga nduru.

Na mashindano makubwa yanakuja hapa kejani. AFCON ya 2027 tumepewa sisi, Uganda na Tanzania. Bongo hawana shida, uwanja wa Benjamin Mkapa umezoea Simba na Yanga kila msimu. Sisi tuko na watu, tuko na ngoma, tuko na vichwa za kutosha. Kitu hatuna ni mpango. Kwa hivyo hapa ni vile mbogi yako inaweza kujipanga: muimbe nini, mvae nini, na mambo gani yatafanya tufungiwe mageti. Hiyo ya mwisho usiiruke, ju imeshatufanyikia.

Kelele inasaidia, lakini haifungi mabao

Covid ilipofunga viwanja, ligi ya Ujerumani ndiyo ilikuwa ya kwanza kubwa kurudi Ulaya, 16 Mei 2020, bila shabiki hata mmoja kwa viti. Timu za nyumbani zikaanza kushinda mechi chache kuliko kabla. Nyasi ilikuwa ile ile, chumba cha kubadilishia nguo kile kile. Watu ndio walitolewa.

Hapa kwetu ushahidi uko karibu zaidi. CHAN ya Agosti 2025, kikosi cha Benni McCarthy kiliwekwa kundi moja na DR Congo, Angola, Morocco na Zambia. DR Congo na Morocco kila mmoja alikuwa ameshabeba hilo kombe mara mbili. Wajuaji wa mtandaoni walishatuzika mapema. Tukapiga DR Congo 1-0, tukatoka sare ya 1-1 na Angola, tukapiga Morocco 1-0, tukamaliza na Zambia 1-0, tukaongoza kundi. Na si eti mambo yalikuwa mteremko: mechi ya Angola tulipewa kadi nyekundu kipindi cha kwanza, na ya Morocco hivyo hivyo. Ryan Ogam akafunga, halafu watu kumi wakashikilia hilo bao kipindi chote cha pili. Mtu amewahi kucheza ball mtaani na timu yake imepungukiwa anajua vile miguu huisha. Ile Kasarani ilikuwa inawasukuma, na ungeskia hata ukiwa kwa kibanda ukitazama kwa TV.

Robo fainali Madagascar wakatutoa kwa penalti. Mwezi uliofuata Gambia wakakuja Kasarani kwa mechi ya kufuzu Kombe la Dunia wakatupiga 3-1. So usidanganywe, sauti haiwezi kuziba difensi ikivuja. Lakini kumbuka tumetoka wapi. 2024 viwanja vyetu havikuwa vimekubaliwa, mechi za "nyumbani" na Burundi na Ivory Coast tukachezea Lilongwe, Malawi. Ile ya Cameroon, Oktoba, tukachezea Namboole, Kampala. Unaambiwa ni mechi yako ya nyumbani na inabidi uvuke mpaka. Hadi 23 Machi 2025, Nyayo, Gabon na Aubameyang wao, ndio mechi za kufuzu zikarudi Nairobi. Tulichapwa 2-1 siku hiyo, Aubameyang akifunga zote mbili, lakini at least tulichapwa kwetu.

Wimbo tuko nao tayari, ni jina la timu

Shida ya mechi za Stars ni hii: shabiki wa Gor anakuja na nyimbo za Gor, wa Ingwe anakuja na za Ingwe, na yule amekuja ju boyfriend amemleta hajui yoyote. Kila kona inaanzisha kitu yake, inakufa baada ya sekunde kumi, halafu tunabaki kufanya lile wimbi la kusimama na kukaa. Wimbi ni sawa, lakini ukiliona limeanza dakika ya 20 jua watu wameboeka.

Dawa yake ni kuanza na kitu kila mtu anajua bila kufunzwa. Na hiyo kitu iko. "Harambee" yenyewe ni mwito. Wasee wa kuvuta mizigo mizito walikuwa wanaitumia ndio wote wavute kwa pamoja, Mzee Jomo akaichukua akaipeleka kwa kila mkutano: yeye anaita "Harambee!", umati unajibu "Heee!" Shosho yako anaijua. Mtoto wa darasa la pili anaijua. Hakuna kabila ama klabu inaweza kusema si yao. Msee mmoja anaita, block nzima inajibu, ngoma inapiga moja, kimya kidogo, anaita tena. Anza polepole, kisha uongeze kasi. Iceland walifanya kitu karibu na hiyo Euro 2016 kule Ufaransa, ngoma na makofi juu ya kichwa tu, na dunia nzima ikajifunza.

Ngoma nayo usitafute mbali. Isukuti ya Waisukha na Waidakho wa Kakamega iliingizwa na UNESCO mwaka wa 2014 kwa orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Mashabiki wa Ingwe wamekuwa wakiilinda kwa viwanja miaka yote bila kuambiwa na mtu. Ngoma zenyewe huenda kwa tatu, kubwa, ya kati na ndogo. Kama mnajua msee wa isukuti, mlipieni tiketi. Huyo mmoja anashinda vuvuzela hamsini, ju vuvuzela inamaliza sauti za watu na haina mdundo.

Sasa, kitu watu hawafikirii: Kasarani ilijengwa ya michezo yote, iliandaa michezo ya Afrika nzima mwaka wa 1987, kwa hivyo kati ya viti na nyasi kuna njia za wakimbiaji. Nyayo pia. Sauti inapotea hapo kabla ifikie mchezaji. Ndio maana kukaa mkiwa mmetawanyika ni kupoteza mapafu. Nunueni tiketi za sehemu moja, mkae mmebanana, ngoma ziwekwe chini katikati, na kuwe na msee mmoja wa kuanzisha. Huyo atasimama amepea uwanja mgongo, anawaangalia nyinyi. Ni kazi ngumu, ju ataskia bao na hataliona. Mbadilishane kila kipindi ama atawachukia.

Saa ya kuimba pia ina akili yake. Dakika 15 za kwanza pigeni kelele yote mko nayo, wageni bado wanazoea uwanja. Kona yetu, pandisheni. Wageni wakishika ball sana, mbinja mpaka waiachilie. Tukipata penalti, nyamazeni, hiyo ni ya mpigaji. Lakini saa muhimu kuliko zote ni zile dakika tano baada ya kufungwa. Hapo ndipo Wakenya hukunja mikono na kuanza kutukana kocha. Mchezaji akiinua kichwa akaskia kimya, hiyo ni bao la pili linakuja.

Wimbo wa taifa usiache spika iwaimbie. Spika ikinyamaza, nyinyi muendelee mpaka mwisho. Na wa wageni ukipigwa, hakuna kuzomea.

Rangi bila kuuza figo

Jezi rasmi ikikushinda bei, hakuna ubaya. Rangi ziko nne tu: nyeusi, nyekundu, kijani, nyeupe. Tishati nyekundu Gikomba hazikosi. Kitambaa kikubwa cha bango, panda Biashara Street ama Eastleigh ununue kwa mita, mshonee kejani. Bendera mkiitundika, nyeusi ndio hukaa juu na kijani chini. Inakuwa aibu kuona mtu mzima ameigeuza kwa TV. Uso upake rangi ya ngozi, ile inatoka kwa maji. Ukichukua ya ukuta, utashinda wiki unajikuna.

Kama hujui uanzie wapi, kumbuka marehemu Isaac Juma. Alikuwa anajipaka rangi mwili mzima na kubalansi ball kichwani, Ingwe ama Stars, na kamera zilikuwa zinamtafuta kabla zitafute wachezaji. Aliuawa kwake Mumias Januari 2022, na ile nafasi bado iko wazi. Na si lazima upige kelele ndio uonekane. AFCON ya Morocco, iliyoanza Desemba 2025, shabiki mmoja wa DR Congo, wanamwita Lumumba Vea, alisimama mechi nzima kama sanamu ya Patrice Lumumba, suti, miwani, mkono juu, hasongi hata timu ikifunga. Hana ngoma, hana moshi, ako na wazo moja na nidhamu. Bara lote likamjua.

Mkiwa wengi kidogo, jaribuni picha ya viti, ile mashabiki wa Ulaya huita tifo. Watu huogopa hesabu yake bure. Chukua block ya mistari 20, kila mstari viti 30. Hiyo ni viti 600. Bendera yetu inaingia hapo bila kusumbua: kuanzia chini mistari sita ya kijani, mmoja mweupe, sita nyekundu, mmoja mweupe, sita nyeusi. Kwa hivyo unahitaji vipande 180 vya kijani, 180 vyekundu, 180 vyeusi na 60 vyeupe. Karatasi ndogo za kuprinti hazionekani ng'ambo ya uwanja, tumia manila ya shule na uikate kati, maana yake manila 300. Wasee thelathini wakichanga soo mbili mbili, hiyo ni thao sita, na mnaweza kuongea na duka la jumla wapunguze bei. Nyuma ya kila kipande andika: "Inua wimbo wa taifa ukianza, shusha ukiisha." Ngao na mikuki mtaiweka mkizoea, mara ya kwanza msijitese. Wanne wenu wafike mageti yakifunguliwa, waweke kila rangi kwa viti vyake, wengine wazuie watu wasizitumie kama feni. Watajaribu. Jua la Kasarani ni la kweli.

Bango kubwa, ngoma na hiyo manila, ongeeni na FKF siku kadhaa mapema. Ukifika getini na ngoma tatu na huna jina la mtu wa kupigia simu, askari wa geti atakurudisha, na huwezi kumlaumu.

Vitu vitatufungia

Ile CHAN ilitupatia raha, lakini pia ilitupatia kichapo cha pembeni. Wasee bila tiketi walisukuma mageti, wengine wakaingia, na baada ya mechi ya Morocco CAF ikaamua mechi ya Zambia iwe na mashabiki 27,000 pekee, tiketi za mtandaoni tu. Kasarani inabeba zaidi ya 40,000. Yaani maelfu ya watu wenye wangelipa na kuimba walikaa nje ju ya wenye waliruka ukuta. Hakuna mpinzani amewahi kutupunguzia sauti hivyo.

Na ukiona CAF inazidisha, rudi 23 Oktoba 2010, Nyayo, Gor na Ingwe. Watu walikanyagana getini na saba wakafa. Hao walikuwa wamekuja tu kuona ball. Kwa hivyo fika saa tatu mapema, tiketi iwe kwa simu na simu iwe na chaji, ukiona geti limejaa rudi nyuma hata kama mechi imeanza. Ukiwa na mtoto, usiingie na kundi la ngoma.

Moshi wa rangi na fataki vinapendeza kwa video, lakini haviruhusiwi na faini inaenda kwa shirikisho. Kurusha chupa, taa za leza kwa macho ya kipa, kuingia uwanjani kupiga selfi na mchezaji, yote hesabu ni hiyo hiyo. Mabango ya siasa pia, kanuni za CAF na FIFA hazitaki, hata kama uko na hasira na una sababu. Hiyo peleka barabarani, si kwa block ya ngoma.

Mechi ikiisha, manila zikusanywe kwa gunia moja ju zitatumika tena. Bango likunjwe likiwa kavu, likikunjwa na maji rangi inaliwa. Halafu msitoke mmoja mmoja. Nauli hapo nje hupanda mara tu filimbi ya mwisho inapigwa, so tembeeni mbogi yote hadi Thika Road mkashikie mathree mbele kidogo, na msee wa isukuti asiache kupiga njiani.