Je, Kususia Petroli Hushusha Bei? Historia Iliyofika Hadi Bwera

Kitenzi kususa kilizaliwa nyumbani kabla ya kuingia katika siasa. Mtoto aliyeudhika husukuma sahani kando na kukataa kula. Hapo tunasema amesusa. Kikiwekwa katika kauli ya kutendea, kitenzi hicho huwa kususia, nalo ndilo neno tunalolitumia wananchi wanapokataa kununua bidhaa fulani ili kumlazimisha muuzaji abadili mwenendo wake. Kususia si kugoma. Anayegoma huzuia kazi yake. Anayesusia huzuia fedha zake. Waswahili, ambao hawakosi kejeli, wana msemo juu ya jambo hili: ukisusa, wenzio wala. Namwomba msomaji auweke msemo huo akilini, maana tutauhitaji tutakapofika mpakani.

Kila bei ya mafuta inapopanda wilayani Kasese, shauri lile lile hurudi katika vijiwe vya bodaboda: tusinunue siku moja, au wiki moja, nao watashusha wenyewe. Shauri hilo si la kipuuzi. Mtoto anayesusa mara nyingi hushinda, kwa kuwa mama hawezi kuvumilia kumwona mwanawe akilala na njaa. Basi swali la kihistoria ni hili: wananchi wakisusia petroli, ni nani anayeumia kama mama yule?

Ili kulijibu ni lazima tuifuate lita moja katika safari yake. Petroli nyingi inayouzwa Bwera imesafiri zaidi ya kilomita 1,500 kutoka pwani. Hushushwa katika bandari ya Mombasa, husukumwa kwa bomba hadi Kisumu au Eldoret, hupakiwa katika malori ya tangi, huvuka mpaka Busia au Malaba, hupita Kampala na kuelekea magharibi. Kikorongo, si mbali na mstari wa Ikweta, barabara hugawanyika, na tawi moja hushuka kuelekea Bwera na Mpondwe, kwenye mto Lhubiriha unaotenganisha Uganda na Kongo. Reli ilifika Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe, lakini treni zilikoma zamani, na leo kila tone huja kwa lori. Katika safari hiyo bei imekwisha kupangwa kwa sehemu kubwa kabla ya lori kufika Kasese: soko la dunia limesema neno lake, dola imesema lake, na serikali imeongeza ushuru wake. Tangu Uganda ilipoliachia soko la mafuta mwaka 1994, hakuna mamlaka inayotangaza bei ya juu kabisa, kama ifanyavyo EWURA nchini Tanzania au mamlaka ya nishati nchini Kenya. Kilichobaki mikononi mwa mwenye kituo ni faida yake ya mwisho tu, nayo ni sehemu ndogo ya bei. Wateja wanaosusia kituo cha Bwera wanamsusia mtu ambaye, hata akitaka sana, hana kikubwa cha kupunguza.

Sasa tutazame waliojaribu. Uganda ilishuhudia ususiaji mkubwa wa wateja mwaka 1959. Chama kiitwacho Uganda National Movement, kikiongozwa na Augustine Kamya, kiliwataka watu wa Buganda waache kununua katika maduka ya wasio Waafrika, ambayo mengi yalikuwa ya Wahindi. Amri ilianza mwezi Machi, nayo ilishika vijijini kwa nguvu ya kutisha. Ninasema ya kutisha kwa makusudi, kwa sababu waliovunja amri walikatiwa migomba na mibuni yao usiku. Si kila aliyesusia alisusia kwa hiari, na historia inayoficha jambo hilo haimfunzi mtu uraia. Serikali ya kikoloni ilikipiga chama hicho marufuku mwezi Mei mwaka huo na kuwahamisha viongozi wake, lakini ususiaji uliendelea kwa miezi mingi. Wenye maduka wengi walifunga biashara vijijini na kuhamia mijini. Kwa hiyo ususiaji ule ulifaulu kuumiza. Ulifaulu kwa kuwa mwenye duka wa kijijini hakuwa na mnunuzi mwingine zaidi ya mwanakijiji aliyemsusia, na pia kwa kuwa mwanakijiji aliweza kukaa bila kitambaa kipya kwa msimu mmojawapo. Lakini tuangalie lengo lake: halikuwa kushusha bei. Lilikuwa ni nani atafanya biashara na nani atatawala.

Milima ya Rwenzori nayo ina historia yake ya kukataa. Mwaka 1962 wajumbe wa Wakonzo na Waamba walitoka katika baraza la ufalme wa Toro, na harakati ya Rwenzururu, iliyoongozwa na aliyekuwa mwalimu wa shule, Isaya Mukirane, ikawahimiza watu wasiilipe Toro kodi. Kukataa huko kulimgusa moja kwa moja aliyekusudiwa, kwa kuwa Toro haikuweza kwenda kuwatoza watu wengine kodi ya Wakonzo. Yaliyofuata yalikuwa machungu na marefu, na hayatoshi katika makala haya. Itoshe kusema kwamba Kasese ilipata kuwa wilaya yake yenyewe mwaka 1974.

Mafuta yenyewe yaliingia katika historia ya kususia mwezi Aprili 2011. Uchaguzi ulikuwa umepita miezi miwili tu. Vita vilikuwa vimezuka Libya, na pipa la mafuta katika soko la dunia lilipita dola 120. Kikundi cha Activists for Change kiliwaita Waganda waache magari na kwenda kazini kwa miguu kila Jumatatu na kila Alhamisi, kupinga bei ya mafuta na ya chakula. Siku ya kwanza ilikuwa tarehe 11 Aprili. Kizza Besigye alikamatwa siku hiyo hiyo akitembea. Tarehe 14 alijeruhiwa mkono kwa risasi. Tarehe 28 polisi walivunja kioo cha gari lake, wakampulizia dawa ya kuwasha machoni, na baadaye akapelekwa Nairobi kutibiwa. Ghasia zilienea katika miji kadhaa, na watu tisa wasio na silaha waliuawa kwa risasi za askari kwa mujibu wa shirika la Human Rights Watch. Miongoni mwa waliouawa alikuwamo mtoto mdogo wa Masaka.

Ni vigumu kuyasoma haya bila kuuliza: kutembea kuna kosa gani? Serikali iliona maandamano yasiyo halali; waandalizi waliona wananchi wasio na nauli. Kila upande, kwa namna yake, ulikuwa umeelewa kwamba jambo halikuwa petroli peke yake. Kwa swali letu la bei, jibu la mwaka ule ni la wazi na linauma. Bei hazikushuka kwa sababu ya miguu ya watembeaji. Mfumuko wa bei uliendelea kupanda hadi ukazidi asilimia 30 mwezi Oktoba, na Benki Kuu ikalazimika kupandisha riba yake hadi asilimia 23 mwezi Novemba. Mafuta yalishuka kweli kweli baadaye, kati ya mwaka 2014 na mwanzo wa 2016, pipa liliposhuka kutoka zaidi ya dola 110 hadi chini ya dola 30, wala Waganda hawakuhusika katika kushuka huko.

Je, hakuna mahali ambapo kutembea kulishusha bei? Pako. Mwezi Januari 1957, kampuni ya mabasi ya PUTCO ilipandisha nauli kutoka Alexandra hadi Johannesburg kwa peni moja, kutoka nne hadi tano. Watu wakatembea, kiasi cha kilomita 15 kwenda na kama hizo kurudi, kwa takriban miezi mitatu. Nauli ikarudi peni nne. Tazama tofauti zake na Kampala ya 2011. Nauli ile ilikuwa imepangwa na kampuni moja inayojulikana kwa jina, mabasi matupu yalikuwa hasara ya kila siku, na watembeaji walikuwa wafanyakazi ambao waajiri wao waliwahitaji wafike kazini wakiwa na nguvu. Hata hivyo gharama haikupotea angani: tofauti ililipwa kwanza na wafanyabiashara, kisha kwa tozo iliyoongezwa kwa waajiri. Ususiaji uliihamisha gharama kutoka mfuko wa maskini hadi mfuko mwingine. Mimi naona hilo ni ushindi mkubwa, ingawa si ule ambao wengi huufikiria.

Mfano wa karibu zaidi na wetu unatoka Morocco. Tarehe 20 Aprili 2018 ulianza, kupitia mitandao ya kijamii, ususiaji wa bidhaa tatu tu: maji ya chupa ya Sidi Ali, maziwa ya Centrale Danone, na mafuta ya vituo vya Afriquia, kampuni ya Aziz Akhannouch, aliyekuwa waziri. Wasusiaji walikuwa werevu: hawakususia mafuta yote, kwani watu lazima wasafiri, bali walisusia kampuni moja na kununua kwa wenzake. Kampuni ya maziwa ilitikisika. Mkuu wa Danone alisafiri kutoka Ufaransa kwenda kuzungumza na wateja, na ilipofika Septemba bei ya maziwa ilishushwa. Kampuni ya mafuta haikupiga magoti hivyo, na mwaka 2021 Akhannouch akawa Waziri Mkuu. Kwa nini maziwa yalisalimu amri na petroli haikusalimu? Sababu moja ni rahisi, na kila mchuuzi wa nyanya katika soko la Mpondwe anaijua. Maziwa huchacha. Muuzaji wa maziwa anaogopa jua linapozama. Petroli iliyomo ndani ya tangi la chini ya ardhi itauzwa kesho kama ambavyo ingeuzwa leo.

Ndiyo maana kususia kwa siku moja ndiko dhaifu kuliko kwote. Nchini Marekani, mwezi Aprili 1999, ujumbe ulisambazwa kwa barua pepe ukiwaomba watu wasinunue petroli tarehe 30. Anayejaza tangi tarehe 29, au anayesubiri hadi tarehe 1 Mei, hajamnyima muuzaji hata senti moja; amembadilishia siku tu. Ujumbe wa namna ile umekuwa ukirudi tangu hapo, na bei zimekuwa zikifuata mambo mengine.

Sasa turudi Bwera, na kwa ule msemo wetu. Tuseme waendesha bodaboda wote wa Bwera wamekubaliana, si kwa siku moja bali kwa mwezi mzima. Ng'ambo ya daraja iko Kasindi, na mbele ya Kasindi ziko Beni na Butembo, miji mikubwa inayopata bidhaa nyingi kupitia mpaka huu. Mafuta yasiyonunuliwa upande wa Uganda yatapata mnunuzi upande wa pili, kwa tangi au kwa madumu. Ukisusa, wenzio wala. Tena aliyesusa hana mbadala: pikipiki yake ndiyo mkate wake, na wiki moja bila petroli ni wiki moja bila karo ya watoto. Wa kwanza kuumia ndiye aliyekusudia kuumiza.

Kinyume chake kilionekana mwezi Januari 2022. Uganda iliwataka madereva wa malori wanaoingia nchini wapimwe korona mpakani na kulipa dola 30. Madereva wakagoma Malaba na Busia; foleni ikanyooka kwa kilomita nyingi ndani ya Kenya; vituo vikakauka, na katika baadhi ya sehemu lita ikafika shilingi 10,000. Ndani ya siku chache serikali iliondoa malipo yale. Madereva wale walikuwa wachache mno wakilinganishwa na watembeaji wa 2011, lakini walisimama mahali ambapo barabara ni nyembamba, na hapakuwa na njia pana ya kuwazunguka. Msomaji ataona pia kwamba walipoitumia nguvu hiyo, waliolipa shilingi 10,000 ni watu wa mwisho wa barabara, wakiwemo wa Kasese.

Ipo sehemu moja ya bei ya petroli ambayo haitoki katika soko la dunia, wala Mombasa, wala Malaba. Mwaka 2021 Wizara ya Fedha ilipendekeza kila mwenye gari alipe shilingi 200,000 kwa mwaka. Wabunge walikataa, kwa kelele nyingi, kisha badala yake wakaongeza shilingi 100 katika ushuru wa kila lita, ambao kwa petroli ulipanda kutoka shilingi 1,350 hadi 1,450 kuanzia Julai mwaka huo. Mwendesha bodaboda wa Bwera anayetumia lita tatu kwa siku alianza kulipa shilingi 300 zaidi kila siku, yaani kama shilingi 9,000 kwa mwezi, ingawa hakuwa na gari. Nyongeza hiyo ilipitishwa Kampala, katika ukumbi ambamo Bukonzo na sehemu nyingine za Kasese zina viti vyao.