Kutoka Orodha hadi Sarufi: Historia ya Ukamilishaji wa Amri katika Sheli

Makala haya yanafuatilia historia ya ukamilishaji wa amri, yaani uwezo wa programu ya sheli kumalizia neno ambalo mtumiaji ameanza kuliandika. Hoja kuu ni kwamba historia hiyo ni mwendo wa kutoka orodha hadi sarufi, na kwamba mwendo huo una funzo kwa wanaounda zana za kuandikia Kiswahili.

Mojawapo ya vyanzo vyake vya awali ni TENEX, mfumo endeshi wa kompyuta za PDP-10 uliobuniwa na kampuni ya Bolt Beranek and Newman, Marekani. Mtumiaji aliandika herufi chache, akabonyeza kitufe cha Escape, na mfumo ukamalizia. Katika miaka ya 1970, Ken Greer wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon alianza kuihamishia dhana hiyo katika Unix. Herufi t ya jina tcsh inatokana na TENEX. Sheli hiyo ilitofautisha nafasi ya amri na nafasi ya faili, lakini mwanzoni haikujua kila amri inadai nini baada yake.

Pengo hilo lilizibwa kwa kumruhusu mtumiaji atunge kanuni zake mwenyewe. Tcsh na zsh zilitangulia. Bash ikafuata kwa toleo la 2.04 mwaka 2000. Humo, sheli huikabidhi kazi-amri ya mtumiaji maneno yaliyokwisha kuandikwa (COMP_WORDS) na nafasi ya neno linaloandikwa (COMP_CWORD). Nayo hurejesha mapendekezo katika COMPREPLY. Hivyo, baada ya git checkout yanaweza kupendekezwa majina ya matawi badala ya faili zote. Kiisimu, uhusiano mlalo ndio unaoamua wanamemba wa uhusiano wima.

Katika Kiswahili, utegemezi wa aina hiyo umo ndani ya neno moja. Mtu akiandika wali, zana ya orodha huona chakula. Zana ya kisarufi ingetambua pia kiambishi cha nafsi wa- na cha njeo -li-, ikatarajia yambwa au mzizi. Maumbo kama walisoma, waliusoma, waliwasomea na walisomeshana ni mengi mno kuorodheshwa yote, ilhali nafasi zake zinaelezeka kwa kanuni chache. Kwa hiyo, ukamilishaji wa Kiswahili unapaswa kuanzia kwenye mofolojia, na kamusi iwe hazina ya mizizi.