Safu ya Lugha: Ramani ya picha si picha ya ramani

Watengenezaji wa tovuti wameanza kuandika "picha ya ramani" wakimaanisha picha yenye sehemu za kubofya. Sivyo. Picha ya ramani ni ramani iliyopigwa picha, basi. Hii nyingine ni ramani ya picha: ukibofya Pemba unapelekwa ukurasa wa Pemba, ukibofya Unguja unapelekwa wa Unguja, ingawa picha yenyewe ni moja. Kinachogawa maeneo ni vipimo vilivyofichwa ndani ya msimbo, vinavyohesabiwa kwa pikseli kuanzia pembe ya juu kushoto. Eneo laweza kuwa mstatili, duara au pembenyingi. Pemba, kwa hori zake zilivyo nyingi, inadai pembenyingi; ukiweka mstatili, mtu atabofya bahari na bado apelekwe kisiwani.

Neno ramani linaistahili kazi hii. Asili yake ni rahnama ya Kiajemi, yaani kionyesha njia, na mabaharia wa Ghuba waliita hivyo daftari lao la kuongozea vyombo. Mchoro huonyesha umbo. Ramani humwelekeza mtu. Kwa hiyo kila eneo liandikiwe maelezo yake, ili hata asiyeona, anayesomewa na programu, ajue linampeleka wapi.