Mayai ya Turin na Hofu Isiyofutika

Mwaka 1938 utawala wa Mussolini ulitunga sheria za kuwafukuza Wayahudi katika vyuo vikuu vya Italia, na Rita Levi-Montalcini, daktari kijana wa Turin, akakosa pa kufanyia kazi. Aligeuza chumba chake cha kulala kuwa maabara, akanoa sindano za kushonea zikawa vifaa vya kupasulia, akaanza kuchunguza jinsi neva zinavyoota ndani ya viinitete vya kuku. Mabomu yalipozidi akahamia shamba, akawa anawazungukia wakulima kuomba mayai. Aliwaambia ni ya watoto wake. Watoto hakuwa nao. Uchunguzi ukiisha, kilichosalia kwenye yai kiliishia kikaangoni. Vita ni njaa.

Mwaka 1947 alialikwa St. Louis, Marekani. Huko, yeye na Stanley Cohen walipata protini inayozifanya neva zikue, kazi iliyowapa Tuzo ya Nobel mwaka 1986. Wakati huo protini hiyo ilishapata ndugu: mwaka 1982 Yves-Alain Barde na wenzake, karibu na Munich, walisaga bongo za nguruwe, wakachuja na kuchuja tena, wakabaki na chembe ya protini iliyokuja kuitwa BDNF. Hiyo huzisaidia seli za ubongo kuishi, kuota matawi na kushikana imara mtu anapojifunza jambo.

Kushikana huko ndiko kunakotupeleka kwenye hofu. Zamani mtafiti Pavlov aliona kwamba mbwa aliyezoeshwa kudondokwa na mate kwa ishara huacha, ishara ikija mara nyingi bila chakula. Akipumzishwa, mate hurudi. Somo la kwanza halikufutika, lilifunikwa tu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na hata akishika ung'ongo mwaka mzima wa kusuka mikeka, nyoka wake bado yumo kichwani. Kinachomtuliza ni somo jipya juu ya lile la zamani.

Je, kila ubongo hulishika somo hilo sawasawa? Jeni ya BDNF, iliyoko kwenye kromosomu ya 11, hutofautiana kwa herufi moja: protini ya wengi ina asidi amino ya valini mahali ambapo ya wengine ina methionini. Mwaka 2003 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba umbo la methionini hupunguza BDNF inayotolewa na seli zinapofanya kazi. Mwaka 2010, jijini New York, Fatima Soliman, B. J. Casey, Francis Lee na wenzao waliwapima panya na watu kwa pamoja. Kuogopa, wote walijifunza sawa. Tishio lilipoondolewa, wenye methionini, panya kwa watu, walichelewa kutulia. Tusikimbilie kuiita jeni ya uoga: walichozidiwa ni kuacha, si kuogopa.

Mwaka huohuo, Puerto Rico, Jamie Peters, Gregory Quirk na wenzao waliwadunga panya BDNF sehemu ya mbele ya ubongo. Kesho yake panya hao walisikia mlio waliozoeshwa kuuogopa kwa kupigwa umeme, na hofu ilikuwa imepungua, ingawa hakuna aliyewafundisha kuiacha. Kisha wakapigwa umeme tena, na hofu ya zamani ikarudi.